Kabla Mashine Haijataja Nani Hakunawa

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 18, na mitano ya mwisho nimo kwenye kamati ya kudhibiti maambukizi ya hospitali yetu. Zamani tulihesabu unawaji mikono kwa macho: unasimama pembeni na karatasi, unaweka alama. Aliyeniona na karatasi alinawa. Nikishaondoka, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo nilifurahi wodi ya watoto wachanga ilipofungiwa makasha ya kitakasa mikono yenye vihisi. Kila kasha likibonyezwa, linahesabu na kutuma taarifa kwenye kompyuta. Kihisi cha mlangoni kinahesabu wanaoingia na kutoka. Kila Jumatatu nilisoma takwimu.

Wiki ya pili nikaona jambo: kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, hesabu inakaribia sifuri. Wakubwa wakataka majina ya walio zamu. Nikaomba nipewe usiku mmoja kwanza, nikaenda. Makasha mawili kati ya manne yalikuwa matupu tangu saa nne, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mtu wa zamu ya mchana, ameenda nao nyumbani. Wauguzi wale walikuwa wakitembea hadi kwenye sinki la chumba cha dawa kunawa kwa sabuni, na pale hapakuwa na kihisi. Waliokaribia kuandikiwa barua ya onyo ndio waliokuwa wanahangaika kuliko sote. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Ndiyo maana nawasihi mnaotaka kununua mitambo hii, iwe hospitalini, hotelini au kiwandani: miezi ya mwanzo itumieni kukagua maji, sabuni na makasha. Majina ya watu yaacheni kabisa. Sisi tulijaribu beji zinazomtambua kila mfanyakazi, na watu wakaanza kubonyeza kasha wakipita, mikono haijasuguliwa hata sekunde tano, wakati kitakasa kinataka sekunde 20 hadi 30. Takwimu zilipanda, mikono ikabaki ilivyo. Tulipoondoa beji na kubandika ukutani hesabu ya wodi nzima, watu walianza kukumbushana wenyewe kwa wenyewe.

Jueni pia mashine haioni nini. Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa), baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kihisi cha mlangoni kinakisia ya kwanza na zile mbili za mwisho. Ile ya kanula, ambayo kwa kichanga ndiyo ya kuogopwa zaidi, hakiioni. Lazima mtu mwenye uzoefu aendelee kusimama pale, amwelekeze mwenzake kwa upole.

Halafu ulizeni kuhusu chupa. Kuna makasha yanayokubali chupa za kampuni iliyoyauza tu. Hospitali nyingi, kitengo cha dawa hutengeneza kitakasa chenyewe kwa ethanoli, gliserini na haidrojeni peroksaidi, na gharama inashuka sana. Kasha linalokataa kitakasa chenu litakuwa pambo la ukutani pesa ikiisha. Ulizeni betri inadumu muda gani, na umeme ukikatika hesabu zinahifadhiwa wapi.

Suala la nani anazisoma taarifa hizo liandikwe kabla ya kufunga chochote, na wafanyakazi wasomewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya inayo ya 2019. Beji inayoonyesha mtu yuko wapi kila dakika ni taarifa binafsi.

Siku hizi ufunguo wa stoo unakabidhiwa kwenye kitabu cha zamu. Nami usiku wa Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, nazunguka wodi nzima nabonyeza kila kasha kwa mkono wangu.