Senta wa timu kwenye BuzzerBeater: mfundishe pasi kabla ya ribaundi

Mkuu, umesema kwenye BuzzerBeater, ule mchezo wa mtandaoni wa kuendesha timu ya kikapu, umepata dogo wa miaka 18, sentimita 208, mwenye kipaji cha kufika mbali, na unataka awe senta anayechezea timu, asiwe mnara wa kusimama chini ya ring tu. Ukauliza uanze na ulinzi wa ndani au ribaundi. Mimi nasema usianze na kimojawapo. Anza na pasi.

Najua wengi humu huanzia ndani, na sababu naielewa. Mrefu hupanda haraka kwenye stadi za ndani; kila Ijumaa ukifungua ripoti ya mazoezi kuna kitu kimeongezeka, roho inatulia. Lakini urefu huohuo ndio unaomfanya awe mzito kwenye pasi, kumiliki mpira na ulinzi wa nje, na umri nao ukisogea kasi ya mazoezi inapungua kwa kila kitu. Ukimjaza ndani kwanza, halafu pasi uje kuikumbuka akiwa na miaka 23, utasubiri mpaka umchukie. Samaki mkunje angali mbichi. Ribaundi hazimkimbii, urefu anao.

Halafu kuna mshahara, jambo ambalo wageni hulisahau mpaka msimu mpya unapoanza na mishahara inapigwa hesabu upya. Senta hulipwa kwa stadi za ndani. Ukimpandisha shuti la ndani, ulinzi wa ndani na ribaundi mapema, unaanza kumlipa pesa ya mtu mzima wakati bado hajui kutoa mpira. Pasi na umiliki wa mpira haviongezi mshahara wa namba tano, yaani senta, kwa kiasi hicho. Kwa hiyo miaka miwili mitatu ya mwanzo unajenga vitu vya maana kwa bei ya chee.

Sasa tufike penye maumivu. Ili afaidi mazoezi ya pasi lazima acheze namba moja, yaani gadi mpandisha mpira. Ndiyo, jitu la mita mbili na ushee linapandisha mpira. Atapoteza mipira, atapitwa na kila gadi mwenye mbio, na ukisoma simulizi ya mechi utacheka kwa uchungu. Watu huishia hapa, wanaona timu itashuka daraja.

Haishuki ukipanga wiki vizuri. Una mechi tatu kwa wiki: mbili za ligi na moja ya kirafiki, au ya kombe kama bado hujatolewa. Kijana anahitaji dakika 48 kwenye nafasi inayofanyiwa mazoezi ili apate zoezi kamili. Maana yake nafasi moja inalea vijana watatu kwa wiki. Kwenye mechi mbili za ligi weka magadi wako halisi wanaokua, dogo mrefu mpe ile ya kirafiki. Jina lake liandike kwenye nafasi zote za namba moja, anayeanza na wa akiba, kisha mwambie kocha afuate orodha kama ilivyo, asijitie ujuaji wa kumtoa. Hatari inayobaki ni faulo. Akitolewa robo ya tatu zoezi limeliwa. Na usimwongezee dakika nyingi za ligi juu ya zile 48 kwa tamaa, fomu itayumba. Ikizidi sana ya 70 kwa wiki naanza kuona inashuka.

Pasi ikikaa sawa, hamia kwenye mazoezi ya mmoja kwa mmoja ya mafowadi. Haya nayapenda kuliko yote, kwa sababu anacheza namba tatu au nne, hakuna aibu ya kupandisha mpira, na kwa zoezi moja anaokota umiliki wa mpira, kupenya na shuti kidogokidogo. Ulinzi wa nje ni hiari yako. Unarudi tena kwenye nafasi za magadi, na mimi huwa nautia kidogo tu, asije akawa mlango wazi.

Mimi huhama kwenda ndani akiwa na miaka 20 au 21, pasi na umiliki vikiwa kwenye 6 au 7 kwa hesabu ile tunayobadilisha maneno ya viwango vya stadi kwenye mchezo kuwa namba. Kuanzia hapo ni ulinzi wa ndani, shuti la ndani, ribaundi, bila kugeuka nyuma. Kuzuia shuti naweka mwisho kabisa, na najua hapa kuna watu watanivamia.

Faida utaiona kwenye kipimo cha mtiririko wa mashambulizi. Gadi wako akiwa peke yake ndiye mwenye pasi, mashambulizi yanasimama akibanwa. Namba tano akiwa na pasi, mpira ukiingia ndani unaweza kutoka tena ukampata mtu aliye huru, badala ya kila mara kuishia kwenye shuti la kulazimisha. Ndiyo maana timu yenye senta wa hivi haifungwi kwenye mbinu moja ya kushambulia ndani tu. Wiki hii unaweza kwenda ndani, wiki ijayo ukawaachia wa nje.

Wanaosema senta wa pasi ni anasa wamtazame senta Nikola Jokić, chaguo la 41 kwenye drafti ya NBA mwaka 2014, timu yake ya Denver wakachukua ubingwa 2023 mashambulizi yote yakipitia mikononi mwake. Au turudi nyumbani: Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania alichaguliwa wa 2 mwaka 2009 na Memphis, mita 2.21, sifa yake kubwa kuzuia mashuti. Namba tano ya kudumu pale ikabaki kwa Marc Gasol, mtu asiyeruka sana lakini anayetoa pasi na kupanga wenzake, na mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa ligi.

Tukirudi kwa dogo wako: angalia kwanza pasi yake ya sasa. Ikiwa iko 3 au 4, anza wiki hii hii. Ikiwa 1, na umiliki nao 1, muuze kwa anayetaka mnara, utafute mwingine wa sentimita 203 au 206. Na kama uko kwenye kombe, niambie ratiba yako tuone mechi ipi ya ligi unaweza kuitoa sadaka.