Re: Hilux kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, na stelingi inayotetemeka
Kaka, umeuliza kama tairi za 265/70R17 zitaingia kwenye Hilux yako badala ya 265/65R17: kwa kawaida 70 inaingia (namba hiyo ni urefu wa ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana wake). Kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, kwa hiyo gari linapanda milimita 13 tu. Usitarajie makubwa kwenye makorongo ya Monduli. Kama spidomita ilikuwa sahihi, ikisoma 100 unakwenda 103, na tochi za trafiki njia ya Moshi hazijali hilo.

Kabla ya kulipa, funga tairi moja mbele, kata stelingi hadi mwisho pande zote, mbele na kinyumenyume. Ikigusa, mara nyingi ni madfulapu au plastiki ya ndani ya madgadi.

Mtetemo wa stelingi ukifika kilomita 90 kwa saa: anza na balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu). Ukibaki, hamisha tairi za mbele nyuma. Ukihamia kwenye kiti, tatizo ni tairi au rimu; ukibaki kwenye stelingi, kagua tairodi endi na boljointi (viungo vya stelingi na vya magurudumu ya mbele), ndipo ufanye alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu).