Rodi ya chambo chepesi mikokoni: ncha ya kurusha, kiuno cha kuvuta

Wanaoanza kuvua mikokoni karibu wote hununua rodi, yaani fimbo ya kuvulia, kwa hesabu moja: chambo (cha bandia) ni chepesi, basi na rodi iwe nyepesi, laini. Nami nilianza hivyo hivyo. Rodi yangu ya kwanza ilikuwa ya futi 7, imeandikwa gramu 2 hadi 7, na ikivutwa ilipinda mpaka kwenye mpini. Chambo cha gramu 5 ilikirusha vizuri kweli, mbali na pale pale nilipotaka. Msimu mzima nilinasa kungu sita, nikamtia mtumbwini mmoja. Watano waliingia mizizini, na kila mmoja aliondoka na chambo changu na kipande cha uzi mdomoni. Chambo hununuliwa kingine. Samaki anayebaki amefungwa kwenye mzizi ndiye aliyeniuma, na ndiye aliyenifanya nianze kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza dukani.

Kungu ninayemsema ni yule mwekundu wa kahawia anayekaa mikokoni, kwa jina la kitaalamu Lutjanus argentimaculatus. Nalitaja kwa sababu jina la kungu wavuvi wengine huwapa jamaa zake wa miambani, tusije tukapotezana. Akiwa mchanga huishi kwenye mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na midomo ya mito, akikomaa huhamia miambani, maji ya kina. Kwa hiyo wa horini mara nyingi ni wa kilo moja au mbili. Usidharau kilo hizo. Hafukuzi chambo mbali. Hutoka chini ya mizizi, hukibugia, na kabla mkono wako haujajua ameshageuka kurudi alikotoka. Kati ya mdomo wake na mzizi wa kwanza pana mita moja, pengine nusu.

Na mzizi wenyewe uujue. Mkoko una mizizi iliyojikunja kama mbavu za jahazi, inaingia majini kutoka juu, na humo ndani kungu hukaa kivulini. Mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari, mizizi yake inachomoza wima kutoka matopeni; mchu nao vivyo hivyo, ila ya kwake ni myembamba kama penseli. Gogo la mkomafi lililoangukia mkondoni ni nyumba kamili. Kote huko chaza wamegandamana, na gamba la chaza hukata uzi uliokazwa kama wembe. Ukimpa samaki nafasi ya kuzunguka mzizi mmoja tu, umemaliza.

Kwa nini basi tusitumie chambo kizito na rodi nene, tukamaliza kazi? Kwa sababu chakula chake horini ni kamba, chaa wadogo na vifaranga vya mkizi, na maji yenyewe mara nyingi hayafiki kiunoni. Chambo cha gramu 20 kikianguka hapo kinapiga kelele ya jiwe, kisha kinazama moja kwa moja mpaka kwenye mizizi. Cha gramu 5 hadi 10, cha mpira laini kwenye kichwa cha risasi, hutua kimya na kushuka taratibu, samaki akapata muda wa kukiona.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mvuvi wa mshipi wa mkono, ambaye hakuwahi kumiliki rodi. Nilimwona akimtoa kungu chini ya mlilana kana kwamba anavuta ndoo kisimani: mshipi mnene, mikono miwili, hakumpa hata shubiri. Nikamuuliza mbona wangu wananishinda. Akaishika rodi yangu, akaivuta ncha, ikapinda mpaka kiganjani kwake. "Mwanangu," akasema, "hii inamvuta samaki au samaki ndiye anayeivuta hii?"

Mzee alikuwa na nguvu ya kuvuta lakini hakuweza kufika mbali. Ilimbidi asogeze mtumbwi karibu na mti, na mara nyingi samaki walishtuka. Mimi nilifika, nikakosa nguvu. Rodi unayoitafuta inafanya yote mawili: theluthi ya juu iwe nyembamba ya kutosha kusikia uzito wa gramu 7 na kuurusha, na kuanzia katikati kushuka chini ibadilike iwe mkono wa yule mzee. Ile inayopinda mviringo mmoja kutoka ncha hadi mpini ni tamu kwa kurusha, lakini kungu akikimbia, mpindo huo wote ni nafasi unayompa. Mita moja aliyoihitaji ameipata hapo kabla hata rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, haijazunguka.

Sasa maandishi yaliyo juu ya mpini. Utaona uzito wa chambo kwa gramu na nguvu ya uzi kwa ratili. Wengi husoma gramu tu. Mimi husoma ratili kwanza. Kwa mikokoni nataka rodi iliyoandikwa ratili 10 hadi 20 au karibu na hapo, kisha ndani ya kundi hilo natafuta ile ambayo gramu zake zinaanzia chini, mathalani 5 hadi 21. Chambo chako cha kila siku kikae upande wa chini wa kipimo, lakini kisiwe pale mwanzoni kabisa, maana huko rodi hurusha kwa kulazimishwa. Hata hivyo viwanda havipimi kwa mizani moja. Nimeshika rodi mbili zenye maandishi sawa, moja fimbo, nyingine mlenda.

Kwa hiyo nenda dukani na rili yako yenye uzi, chambo chako (toa ndoana), na mfuko wa sukari wa kilo 2. Muombe mwenye duka ruhusa. Kwanza ning'iniza chambo chini ya ncha kwa urefu wa shubiri mbili, utikise kwa kifundo cha mkono bila kurusha. Ncha ikikaa kama kijiti bila kuinama, iache, chambo chepesi hakitakwenda popote. Kisha funga mfuko mwishoni mwa uzi, inua polepole, rodi ikiwa chini ya usawa wa bega. Tazama mpindo unakomea wapi. Rodi ya mikokoni ncha yake italala na kufuata uzi, mpindo utakomea karibu na katikati, na sehemu ya chini utaisikia bado ina akiba. Mpindo ukifika kwenye mpini na kilo 2 tu, mrudishie mwenyewe. Na usiinue rodi ikasimama wima: hapo ncha peke yake hubeba mzigo wote na hukatika, dukani hata mtumbwini.

Urefu. Watu hupenda ndefu kwa sababu hurusha mbali, lakini mikokoni huna haja ya kufika mbali, mita 15 zatosha. Unachohitaji ni kurusha kutoka ubavuni, chini ya matawi, chambo kikiruka-ruka juu ya maji kama kijiwe cha watoto hadi kiingie kivulini. Ukiwa umeketi mtumbwini, futi 6 hadi 6 na nusu, na mpini mfupi usiogonga mbavu wala boya la kujiokolea. Rodi fupi pia hukupa nguvu, kwani ndefu ni wenzo ulio mkononi mwa samaki: yeye yuko upande mrefu, wewe upande mfupi. Ukiwa umesimama ufukoni au kwenye boti pana, futi 7 ni sawa.

Kaboni tupu ni nyepesi na husikia kila kitu, lakini ikigongwa kwenye ukingo wa mtumbwi hupata jeraha usiloliona, kisha huvunjika siku ya samaki. Mwanzoni chukua iliyochanganywa na fibaglasi. Pitisha pamba ndani ya kila pete inayopitisha uzi. Ikinasa nyuzi, pete hiyo itakula uzi wako.

Rili ya kawaida ya kuning'inia chini ya rodi, namba 2500 au 3000, yatosha. Uzi wa kusuka wa ratili 20, usiotanuka sana, na mbele yake mita moja ya nailoni ya ratili 30 kwa ajili ya chaza. Breki ya rili ikaze kwa mizani ya ndoana: rodi ikiwa imepinda, uzi uanze kutoka kwenye kilo 3 hadi 4. Kwa kidole utajidanganya; mimi nilidhani yangu imekazwa, mizani ikasema kilo moja na robo. Kungu akigonga, usisimamishe rodi juu kama unapiga picha. Iweke chini, ubavuni, uvute kuelekea maji wazi papo hapo. Sekunde tatu za mwanzo ukizishinda, baada ya hapo mlegezee kidogo.

Chambo kikinasa kwenye mti, rodi isifanye kazi yoyote. Ielekeze moja kwa moja kwenye mti, zungushia uzi kwenye kipande cha ufagio au kafi, si mkononi kwani uzi wa kusuka hukata mpaka mfupani, uvute taratibu mpaka ndoana inyooke au uzi ukatike. Usikate mzizi wala tawi kwa ajili ya chambo. Bora subiri maji yapwe, hasa siku za bamvu yanapopwa sana, urudi kwa miguu na viatu vizuri. Utakiona kimening'inia, na utaiona nyumba yote ya kungu ikiwa wazi, kila mzizi na kila gogo, ujue wiki ijayo usimame upande gani.