Kuoanisha Mikahawa na Miji ya Soka: Fuata Chimbuko, Usihesabu Matawi

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwatungia vijana wa mtaani kwetu Majengo, hapa Mombasa, chemshabongo ya kuoanisha mikahawa yenye matawi mengi na miji yenye timu za soka ya kulipwa. Muulizaji hutaja mkahawa, na mshindani hutaja mji pamoja na timu yake. Kwa yeyote anayetaka kuutunga mchezo huu kwao, ushauri wangu mkubwa ni kwamba mkahawa uoanishwe na mji ulikozaliwa, wala si mji wenye matawi yake mengi zaidi leo, kwa sababu matawi hufuata wateja na huweza kufungwa wakati wowote.

Chukua Nando's. Vijana wetu, ambao macho yao yako kwenye Ligi Kuu ya Uingereza kila wikendi, huupeleka mkahawa huo London au Manchester bila kusita. Ukweli ni kwamba ulianzia Rosettenville, Johannesburg, mwaka 1987, na kuku wake wa pilipili ana nasaba na mapishi ya Wareno na ya Msumbiji. Jibu lake basi ni Kaizer Chiefs au Orlando Pirates, na mtungaji akubali yote mawili, kwani kuipendelea moja kati ya timu hizo hasimu ni kuanzisha ugomvi usio na haja. Greggs, maduka ya mikate na vitafunio ya Uingereza, haina utata wa namna hiyo: duka lake la kwanza lilifunguliwa Gosforth, Newcastle, mwaka 1951, na mji huo una timu moja tu kwenye ligi za kulipwa.

Marekani ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. White Castle ulifunguliwa Wichita, Kansas, mwaka 1921, mji usio na timu katika ligi kuu ya nchi hiyo, MLS. Hata hivyo, makao yake makuu yalihamia Columbus, Ohio, mwaka 1934, na Columbus ina Crew, mojawapo ya timu zilizoanza na ligi hiyo mwaka 1996. Katika hali kama hii mimi huruhusu makao makuu ya miaka mingi yachukue nafasi ya chimbuko, mradi sharti hilo litangazwe kabla ya mchezo kuanza. Oanisho ninalolipenda kuliko yote ni la Cincinnati. Skyline Chili ulianzishwa huko mwaka 1949 na Nicholas Lambrinides, mhamiaji kutoka Ugiriki, na sifa yake ni mchuzi wa nyama ya kusaga unaomwagwa juu ya tambi, jambo ambalo huwashangaza sana watu wa Pwani tuliozoea tambi za sukari. Timu ya FC Cincinnati iliingia MLS mwaka 2019. Hapo chakula, mji na timu vinashikana hata ukitaja kimoja, viwili vilivyobaki vinakuja vyenyewe.

Kwa Nairobi, Java House inatosha: ilianzia Adams Arcade mwaka 1999, na majibu ni Gor Mahia, AFC Leopards au timu nyingine ya ligi kuu yenye makao jijini humo.

Mombasa yenyewe ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Timu tunayo, nayo ni Bandari ya Mbaraki, klabu ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, iliyotwaa kombe la FKF, Shirikisho la Soka la Kenya, mwaka 2019. Mikahawa maarufu yenye matawi inayoonekana Nyali na katikati ya mji, hata hivyo, mingi ilizaliwa kwingine, na kuiandika kama ya Mombasa ni kuwadanganya washindani. Naamini sababu ni kwamba chakula chetu kimejengwa juu ya mkono wa mpishi mmoja: mtu hufuata viazi karai vya fulani au mishkaki ya kibanda fulani, na mpishi huyo akiondoka, wateja humfuata. Usilazimishe jina la kampuni mahali pasipo na kampuni. Katika karatasi zangu, swali la Mombasa hutaja mahamri kwa mbaazi, na anayejibu Bandari hupewa alama kamili.