Barua kwa mwanangu: hesabu siku nzima, mama

Marahaba mama. Swali lako nimelipata. Unasema umeweka ile programu ya kalori kwenye simu, sasa imekuuliza kiwango chako cha shughuli kwa siku na hujui ubonyeze wapi, maana kazini unakaa kwenye kiti kutwa nzima lakini jumatatu, jumatano na ijumaa jioni uko gym. Uchague "nakaa tu", "shughuli nyepesi" au "za wastani". Na umeniuliza mimi kwa vile mama yako kakwambia siku hizi nasoma mambo ya afya mpaka usiku wa manane. Ni kweli nasoma, tangu ile sukari ya shangazi yako nasoma kila kinachopita mbele yangu.

Ntakujibu, ila kwanza hiyo programu imekuuliza unafikaje kazini? Imekuuliza kama jikoni unasimama mwenyewe au dada ndo anasimama? Haijauliza. Imeuliza mazoezi basi. Hapo ndo mi na watu wa kuhesabu mazoezi peke yake tunapogombana na ugomvi wenyewe una umri kukuzidi wewe.

Kwamba nilianza kazi kama tarishi mnajua wote, hata wajukuu wanajua. Ila hii sijawahi kuisimulia vizuri. Jengo letu lilikuwa la ghorofa tano na lifti ilikaa mbovu muda mrefu mpaka wafagizi wakawa wanahifadhi ndoo zao humo ndani. Majalada yanatoka masjala chini, nayabeba kifuani yamefungwa kamba ya katani, napanda nayo, nafungua kitabu cha dispachi, karani anasaini, nashuka kufuata mengine. Mchana kuna barua za kwenda ofisi nyingine mjini, hizo zote kwa mguu, jua la saa saba unalijua. Jioni nauli naitunza narudi Magomeni natembea, nakatisha Jangwani na shati limeshikana na mgongo.

Sasa siku moja wakaja watu wa kupima afya za watumishi. Nesi akaniuliza, unafanya mazoezi? Nikamwambia hapana sista, sifanyi. Mi nilijua mazoezi ni kukimbia asubuhi na raba na kaptula, mambo ya wacheza mpira. Akaandika kwa wino mwekundu HAFANYI MAZOEZI. Nikaona sawa tu. Baadae wakatukusanya ukumbini, daktari aliyekuja nao akamsimamisha mkuu wetu wa idara, mtu ambaye gari ya serikali inamshusha mlangoni, ofisi yake iko pale pale chini, na jalada likiwa meza ya pembeni anagonga kengele nije nimsogezee, ila jumamosi anacheza tenisi. Daktari akasema huyu ndo mfano wa mtumishi anayeujali mwili wake, nyie wengine mjifunze kwake. Watu wakapiga makofi. Mi nilikuwa nimesimama mlangoni nimebeba majalada, nikayaweka chini ili na mimi nipige makofi.

Bado linaniuma mama. Mkuu mwenyewe wala hakuwa mtu mbaya, baba yako mdogo ada yake ya fomu four ilitoka mfukoni kwake. Ila lile la kuweka majalada chini nikilikumbuka mpaka leo nasimama kwanza.

Ndo maana nasema, na mtanizika nikilisema, hesabu siku nzima. Usihesabu ile saa moja.

Na tuhesabu kweli. Uliniambia una kilo 68, urefu sentimita 163, na miaka yako 31 naijua. Kanuni inayotumika sana ni ile ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990: kilo zidisha kwa 10, jumlisha sentimita zidisha kwa 6.25, toa miaka zidisha kwa 5, mwanamke unatoa tena 161. Wewe inakuja 1,383 hivi. Hizo ndo kalori mwili wako unazitumia kwa siku hata ukilala tu kitandani, moyo upige, mapafu yavute, ubongo uwaze. Halafu hizo programu zinaizidisha hiyo namba kwa kizidisho cha shughuli zako. "Nakaa tu" ni 1.2, unapata kama 1,660. "Nyepesi" ni 1.375, kama 1,900. "Wastani" ni 1.55, kama 2,140. Kutoka ya kwanza mpaka ya tatu kuna karibu kalori 480, huo ni mlo mzima wa mchana mama, ukibonyeza pasipo pako unakula mlo ambao hukuutumia kila siku ya Mungu, au unajinyima mlo bila sababu halafu unanipigia simu unasema kichwa kinauma.

Sasa gym yako. Kwa uzito wako saa moja ya kukaza kiasi ni kama kalori 270 juu ya zile ungetumia umepumzika. Mara 3 kwa wiki ni 810, gawa kwa siku 7 unapata kama 115 kwa siku. Jumlisha na ile 1,660, tuko 1,775, yaani kizidisho kama 1.28. Hata nyepesi hujafika! Na ungetembea tu mwendo wa kawaida saa moja kila siku, hiyo ni kama 150 kwa siku na haina ada ya mwezi. Ukiunganisha vyote viwili ndo unagusa 1.39.

Lakini ngoja, nisiwe kama yule daktari kwa upande wa pili. Gym ina kazi yake. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, na wewe kwa saa zako tatu umo humo na vyuma unanyanyua. Hakuna mtu wa kukuita mvivu, akikuita nitafutie namba yake. Swali la moyo na misuli ni moja na swali la kalori ni lingine, programu ndo imeyachanganya.

Na kuna utafiti mmoja naupenda mno, wa London, ulichapwa 1953 na daktari Jerry Morris na wenzake. Waliangalia mabasi ya ghorofa, dereva kakaa, konda anapanda na kushuka ngazi kutwa anakata tiketi, wakakuta makonda wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Wakaangalia na posta: wanaosambaza barua kwa mguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani wa mezani. Tarishi huyo mama! Hakuna aliyemuuliza konda kama ana raba. Ila haki isemwe, miaka michache baadae watu wale wale walipima sare, wakakuta suruali za madereva zina viuno vikubwa kuliko za makonda hata kwa wale vijana, kwa hiyo huenda tangu mwanzo hawakuwa watu wa aina moja. Hilo nimelifikiria sana. Halinivunji, ila nimeliweka hapa ulione.

Jambo jingine, hiyo 1.2 yenyewe ni ya chini mno. Wataalamu wa FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa WHO, yaani hao hao Shirika la Afya Duniani, na wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikutana Roma 2001, wao watu wa kukaa na wa shughuli nyepesi waliwaweka 1.40 hadi 1.69, wanaojishughulisha 1.70 hadi 1.99, wa kazi nzito 2.00 hadi 2.40. Utarishi wangu najiweka kundi la kati bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa wewe kwa programu uko 1.28, kwa Roma huwezi kuwa chini ya 1.40. Nimekaa na daftari usiku nikitafuta nani kakosea, naona hivi vizidisho ni vya kuanzia tu, jibu liko kwenye mwili wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki tatu andika unachokula kwa ukweli, na chapati ya chai ya saa nne uiandike, na mafuta ya kukaangia. Pima uzito asubuhi ukitoka chooni kabla hujanywa kitu, chukua wastani wa wiki, usihangaike na wa siku moja maana maji na chumvi vinacheza. Kilo zikisimama pale pale, basi wastani wa kalori ulizokula ndo matumizi yako, gawanya kwa 1,383 na kizidisho chako hicho hapo, hujamuuliza mtu.

Na katika hizo wiki ukiweza, basi la mwendokasi literemkie kituo cha Fire, tembea mpaka Posta, jioni vilevile. Najua utasema jasho, utasema viatu. Vaa ndala weka viatu kwenye mkoba, mama yako alifanya hivo miaka yote na hakuna aliyemcheka.

Ubonyeze wapi sikwambii. Nina jibu, liko hapa mdomoni, mama yako anasema niliseme tu niache kuzunguka, lakini nikikwambia utaacha kupima. Wiki tatu zikiisha nitumie namba, na zile za siku za mwezi usizifiche, uzito hupanda kidogo siku hizo na ni kawaida, ntakaa nazo kwenye daftari halafu nikupigie.

Baba yako