Kwa wadogo zangu mnaoanza ukocha: kipa alikuwa akiniangalia mimi

Jumamosi iliyopita nilisimama kando ya uwanja mmoja hapa Katuba, Lubumbashi, kuangalia minime, timu za watoto, wakicheza. Makocha wa timu zote mbili ni vijana niliowafundisha mimi mwenyewe. Hata dakika kumi hazijafika, sauti zilikuwa zimewakauka. "Amka! Kimbia! We, unafanya nini? Unafanya nini?" Palikuwa na kiungo mmoja mdogo, jezi inamfika magotini, na kila akigusa mpira anageuza shingo kutazama benchi. Nilipoiona ile shingo ikigeuka, sikuweza tena kufuatilia mechi. Naijua. Basi nisomeni hadi mwisho, hata kama mna haraka.

1. Fika wa kwanza uwanjani. Mazoezi yakiwa saa kumi, koni ziwe zimepangwa saa kumi kasoro robo na mipira imejazwa upepo. Mtoto hawezi kukuamini unapomwambia ajitume, kama yeye ndiye anayekusubiri.

2. Acheni kucheza mechi kwa midomo yenu. Hapa nitakaa kidogo.

Mnakumbuka Desemba 2010, Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, walipowafunga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kwenye fainali Inter Milan walitufunga 3-0, lakini nani Lubumbashi alijali? Kilichobaki mitaani ni kipa wetu Kidiaba akishangilia mabao kwa kurukaruka kwa makalio. Mwaka uliofuata kila mtoto wa Katuba alitaka kuwa kipa. Nami nilikuwa naye mmoja, miaka kumi na mitatu, mrefu, mkimya, baba yake alimnunulia glovu soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kubwa kuliko mikono yake. Tukifunga bao alikuwa anaruka kama Kidiaba peke yake kule golini. Nikamkataza. Nilimwambia huo ni utoto.

Kisha nikaanza kumwongoza kwa sauti. Toka! Baki! Kushoto! Piga mbali! Miezi minne, mazoezi yote, mechi zote. Alikuwa ananitii papo hapo, nami niliona fahari, nikawaambia wenzangu kwamba huyu mtoto ana nidhamu kuliko wote.

Nusu fainali ya mashindano ya mtaa ilichezwa katikati ya kiangazi, asubuhi yenye baridi, vumbi jekundu limetanda. Ilikuwa bila kwa bila. Ukaja mpira mrefu katikati, ukadunda kati ya mabeki wetu na mshambuliaji wao. Ulikuwa mpira wa kipa kabisa. Hatua tano mbele anaudaka. Hakutoka. Aligeuza shingo, akaniangalia.

Na mimi sikuwa na neno. Nilikuwa bado napima kama atoke au abaki. Kwa muda ule mfupi tuliangaliana, yeye na mimi, na mpira ukapita.

Ndipo neno likanijia. Nilimwita mzigo. Nilimuuliza kama amelala, kama amelipwa atufungishe. Nilimtoa pale pale, na mama yake alikuwa amesimama kando ya mstari na beseni lake la ndizi, akisikia kila kitu. Mtoto hakulia. Alivua glovu, akaziweka chini ya mlingoti moja juu ya nyingine, kisha akaenda nyumbani kwa miguu. Mimi niliendelea kupiga kelele hadi filimbi ya mwisho. Tulifungwa mbili.

Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Nikamwambia msaidizi wangu, mzee aliyecheza mpira enzi zake, kwamba kijana hana moyo. Akanijibu bila kuniangalia: "Weye ndiye ulimufundisha akuangalie. Siku ile alikuangalia."

Nililala na maneno hayo usiku wote. Ni kweli, nilikuwa nimemnyang'anya mtoto macho yake. Hebu hesabuni wenyewe: wewe uone, ufikiri, useme, naye asikie, aelewe, ndipo mguu uanze kwenda. Mpira haungoji hayo yote. Kipa anayesubiri sauti ya benchi atachelewa kila siku, hata kama kocha hakosei. Nami nilikuwa ninakosea.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwao. Baba yake alinipa kiti na maji, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Kocha, ulimutukana ku uwanja. Sasa samahani unaileta ku lupango, huku nyumbani?"

Sikuwa na jibu. Jumanne niliwakusanya watoto wote nikasema mbele yao nilichokosa: kwamba bao lile lilikuwa kosa langu, na kwamba neno lile halikustahili mtoto yeyote. Mmoja alicheka kwa woga, wengine waliangalia viatu vyao. Ilikuwa dakika moja, na sijawahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo uwanjani. Yule kijana alirudi wiki mbili baadaye. Golini hakurudi. Alicheza beki wa kushoto miaka miwili, akacheza vizuri, lakini tukifunga bao alikuwa anarudi mahali pake akitembea tu. Ni mtu mzima sasa. Tukikutana ananiita kocha na kunishika mkono kwa mikono miwili, na kila mara nakumbuka zile glovu chini ya mlingoti.

3. Sisemi mkae kimya. Uwanja ni mkubwa, upepo unabeba maneno, na mtoto aliye upande wa pili hasikii kama huinui sauti. Jiulizeni tu: sauti hii inampelekea mtoto habari, au inanipunguzia mimi hasira? "Jikaze!" si habari. "Tazama bega lako la kushoto kabla mpira haujakufikia" ni habari, na mahali pake ni mazoezini Jumanne.

Najua mnawaiga makocha wa runinga. Wale wana watu wazima wanaolipwa mshahara, na kamera haikuonyeshi wiki nzima ya mazoezi iliyotangulia. Tena uwanja wa Mazembe kule Kamalondo unachukua watu 18,500. Siku Mazembe wanakutana na Lupopo, wapinzani wao wa jiji hili hili, winga wa upande wa pili anamsikia kocha gani? Anacheza alichofundishwa.

4. Muulize amekula nini kabla ya kumuuliza kwa nini hakimbii. Wapo wanaosubiri bukari, yaani ugali, ya jioni tangu asubuhi. Na msimu wa mvua, miguu ikiburutika siku mbili mfululizo, mpeleke akapimwe malaria.

5. Mizunguko ya uwanja isiwe adhabu. Unataka apende kukimbia, halafu unageuza kukimbia kuwa fimbo! Anayechelewa akusanye koni.

6. Mnaofundisha wasichana, naomba nisisikie tena kwamba "hao ni wa kubembeleza tu." Mwaka 2024 wanawake wa Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Moroko, wakawafunga wenyeji AS FAR 1-0 kwenye fainali, mbele ya watu wao. Kocha wao Lamia Boumehdi akatangazwa kocha bora wa mwaka wa soka la wanawake Afrika. Ubingwa haupatikani kwa kubembelezwa. Wape mazoezi mazito kama wavulana, na heshima ile ile, bila kumtaja mtu mwili wake wala mama yake. Kwa kweli hilo la mama liwahusu wavulana pia. Nimelisikia Jumamosi kwa masikio yangu.

7. Ukisifu, sifia kitu alichofanya. "Umerudi kukaba ingawa ulichoka" atalibeba hadi nyumbani.

Na wewe, mdogo wangu wa benchi la kulia, hujambo. Nakupenda, ndiyo maana sikukusema mbele ya wachezaji wako. Yule kiungo mdogo alitoka uwanjani bila kuagana na mtu, na wewe ulikuwa unabishana na refa, hukumwona. Usingoje akose mazoezi ndipo uende kwao. Jumanne wakikusanyika, kabla ya kupasha misuli, mwombe samahani mbele ya wenzake. Nitakuja mapema, nikusaidie kupanga koni.