Unauza nyumba? Anza na kinachomtisha mteja

Wiki hii watu kama wanne watano wameniuliza kitu kinachofanana, wanataka kuuza nyumba na hawajui watengeneze nini na waache nini. Nawajibu hapa kwa pamoja.

Kaka habari, jiko langu la zamani sana, makabati yamechoka. Nikibomoa nikaweka jipya kabisa si bei itapanda?

Nzuri dada. Itapanda ndio, ila hela utakayozamisha humo mara nyingi hairudi yote, maana jiko ni kitu cha mtu na anavyopenda yeye, unaweza ukaweka la gharama halafu aliyenunua akaja kuling'oa mwezi wa kwanza. Kama mbao bado ngumu, safisha mafuta yote, piga msasa, paka rangi, badilisha bawaba na vishikio, weka koki mpya, na ile silikoni iliyoota weusi pembeni ya sinki itoe upake nyingine. Basi. Lakini fungua kabati la chini ya sinki uguse ubao kwa mkono, ukikuta umelainika au umevimba, hapo kuna bomba linavuja na hilo lazima litengenezwe, huo ni ubovu sio uzee.

Ukuta wa chumbani una unyevu na rangi inabanduka. Fundi anasema apige puti na koti mbili za rangi, mteja hatajua. Unashaurije?

Ndugu yangu, nakuomba sana usifanye hivyo. Niliwahi kumsindikiza rafiki kuangalia nyumba iliyopakwa rangi juzi yake tu, inanukia upya, kila kitu kinang'aa, akainama karibu na sakafu akaona rangi imevimba kama lengelenge, akabonyeza kwa kidole ikapasuka na ndani ukamwagika unga mweupe. Hakusema neno. Ila kuanzia hapo alikuwa anasogeza mapazia, anagonga kila ukuta, anaangalia dari, yaani hata vizuri vyote vya ile nyumba havikumwingia tena, na tukaondoka bila hata kuuliza bei ya mwisho.

Ule unga ni chumvi, maji yanapanda nayo ukutani, yakikauka yanaiacha hapo juu na inasukuma rangi. Kwa hiyo ukipaka bila kuziba maji yanakotoka, itatoka tena tu. Angalia doa liko wapi: likiwa chini karibu na sakafu, nenda nje uone kama udongo umerundikana ukutani mpaka juu ya usawa wa sakafu ya ndani, au maji ya mvua yanatuama hapo. Likiwa juu, shuku paa na gata. Likiwa katikati mahali bomba linapopita, funga koki zote usiku, soma mita ya maji, asubuhi isome tena kabla mtu hajagusa maji, ikiwa imesogea kuna mahali panavuja. Tengeneza chanzo, kwangua rangi na plasta iliyooza, acha ukuta ukauke sawasawa (wiki kadhaa, wakati mwingine miezi) ndo upake. Picha na risiti za fundi zitunze umwonyeshe mteja, usimfiche, na sehemu nyingi kuficha ubovu unaoujua kunaweza kukupeleka mahakamani baada ya kuuza.

Sebule yetu nyekundu na mke wangu anaipenda mno. Tubadilishe?

Badilisheni kaka. Nyeupe iliyopoa au krimu, mteja aweze kuona vitu vyake mwenyewe humo ndani. Kwenye nyekundu kwanza pigeni koti ya praima (rangi ya msingi inayotangulia), bila hivyo itakula rangi na bado itaonekana kwa chini.

Nina nafasi uani, niongeze chumba kimoja haraka haraka ndo niuze?

Una kibali cha ujenzi? Kama huna, acha. Mteja anayenunua kwa mkopo, benki inatuma mthamini na huyo analinganisha nyumba na makaratasi, akikuta chumba ambacho kwenye ramani hakipo, mauzo yanaweza kukwama hapo hapo na chumba ulichotegemea kiongeze bei kikawa ndo kimeharibu biashara. Na hata kibali kikiwepo, chumba cha haraka kikianza nyufa kabla hujauza ni tatizo jipya umejitengenezea.

Nina wiki tatu na hela kidogo sana. Nianze wapi?

Anzia getini mpaka mlango mkubwa, ndo anachoona kwanza. Fyeka, zoa, mlango ukilia utie mafuta, kitasa kinachohitaji kubembelezwa badilisha, maana mteja akisimama nje anakuona unahangaika na ufunguo anaanza kujiuliza ndani kukoje. Halafu koki zinazodondosha, swichi zilizolegea, taa zilizoungua, vioo vilivyopasuka, grauti ya bafuni (ile ya kuzibia katikati ya vigae) isuguliwe. Nusu ya vitu toa, vyumba vitaonekana vikubwa bila kubomoa chochote. Harufu hutaisikia wewe kwa sababu umeshaizoea, mwite mtu asiyekuja mara kwa mara apite chumba kwa chumba na akwambie ukweli, na kama kuna harufu usipulize pafyumu, tafuta inakotoka, mara nyingi ni bomba la maji machafu bafuni au kapeti.